Mayai Nimeacha, Mbona Kolesteroli Haishuki?

Wasomaji wameuliza mengi kuhusu mafuta, vipimo vya damu na dawa. Tumechagua matano.

Nina miaka 51. LDL yangu, ile kolesteroli mbaya, ilikuwa 162, nikaacha kiini cha yai moja kwa moja. Baada ya miezi sita imefika 158 tu. Asubuhi napaka siagi kwenye mkate, na chakula tunapikia mafuta ya nazi kwa sababu ni ya asili. Nakosea wapi?

Umemfunga yai, mhalifu yuko nje. Kolesteroli nyingi iliyo kwenye damu yako hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwa kiwanda kikubwa. Ukila kidogo, ini huzalisha zaidi kufidia. Kiini cha yai kubwa kina takriban miligramu 190 za kolesteroli, lakini mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayoganda yakipoa, ni kama gramu moja na nusu tu. Na hayo yaliyoshiba ndiyo yanayopandisha LDL.

Yanaipandishaje? Seli za ini zina vipokezi vinavyodaka chembe za LDL zinazopita kwenye damu na kuziingiza ndani zikavunjwevunjwe. Mafuta yaliyoshiba yakizidi, vipokezi hupungua. LDL hubaki inazunguka muda mrefu, na kadiri inavyozunguka ndivyo inavyopenya kwenye kuta za mishipa na kunasa humo. Utando unaojengeka hapo ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia: kwenye moyo ni shambulio la moyo, kwenye ubongo ni kiharusi.

Sasa tupige hesabu ya jikoni kwako. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni kilokalori 200, na kwa kuwa gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, kikomo ni kama gramu 22. Kijiko kikubwa cha siagi kina gramu 7 za mafuta yaliyoshiba. Kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kina 11 au zaidi. Kijiko kimoja cha siagi na viwili vya nazi vimekwisha kukuvusha kikomo kabla hujagusa nyama wala maziwa. Kijiko kilekile cha mafuta ya alizeti kina chini ya gramu 2. Uasili wa nazi haubadilishi hesabu hii.

Lakini ukiondoa siagi usiweke jamu na mkate mweupe zaidi. Wanga uliokobolewa na sukari hupandisha traigliseridi, aina ya mafuta yanayozunguka kwenye damu, na kushusha HDL, ile kolesteroli nzuri, kwa hiyo unahama tatizo moja kwenda jingine. Badilisha mafuta kwa mafuta: alizeti, soya, kanola, zeituni, njugu zisizo na chumvi. Ongeza nyuzinyuzi zinazoyeyuka, za maharage, dengu, oti na shayiri. Nyuzi hizi hunasa nyongo tumboni ikatoka na choo, na ini hulazimika kuchota kolesteroli kutoka kwenye damu ili litengeneze nyongo mpya. Gramu 75 hivi za oti kavu kwa siku zinatosha kuonyesha tofauti, ingawa ni ya asilimia chache. Pima tena baada ya wiki 8 hadi 12. Yai moja kwa siku, kwa watu wengi, halina ubaya. Mwenye kisukari au LDL ya juu azungumze kwanza na daktari wake.

Chupa ya mafuta ya kupikia imeandikwa kwa herufi kubwa "Haina kolesteroli". Je, ndiyo bora?

Ni kama kuandika kwenye chupa ya maji "Hayana mifupa". Mimea haina kolesteroli ya kuhesabika, hata ile inayotoa mafuta mazito kabisa. Geuza chupa, soma nyuma: gramu za mafuta yaliyoshiba kwa kila gramu 100. Kisha tafuta maneno "yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu". Ukiyaona, rudisha kwenye rafu, maana ndiyo mafuta ya trans, yanayopandisha LDL na kushusha HDL kwa mpigo.

Mimi nimepimwa kolesteroli nikapata 5.2, rafiki yangu 201. Daktari wake amemwambia tuko sawa. Inawezekanaje?

Mko sawa kweli. Maabara yako inatumia milimoli kwa lita, ya mwenzako miligramu kwa desilita. Zidisha kolesteroli kwa 38.67: 5.2 inakuwa 201. Traigliseridi huzidishwa kwa 88.6, na hapo ndipo wengi wanapojikoroga.

Jambo jingine: LDL mara nyingi haipimwi, inakokotolewa. Kwa miligramu, chukua kolesteroli ya jumla, toa HDL, toa traigliseridi zilizogawanywa kwa 5. Jumla 232, HDL 46, traigliseridi 180: 232 − 46 − 36 = 150. Traigliseridi zikipita 400 hesabu hii haiaminiki, na utaombwa urudie baada ya kufunga kula saa 9 hadi 12.

Kijana wangu ana miaka 29, mwembamba, anakimbia kila siku, LDL yake ni 215. Baba yake alipata shambulio la moyo akiwa na miaka 48. Au mashine imekosea?

Mama, rudieni kipimo, lakini msijipe matumaini sana. LDL ya 190 na zaidi kwa kijana, pamoja na historia hiyo, inaelekeza kwenye kolesteroli ya kurithi, ambayo huwapata takriban mtu 1 kati ya 250. Mara nyingi nakala moja ya jeni ya vile vipokezi vya ini huwa na hitilafu, hivyo wembamba na mbio havitoshi. Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua vipokezi hivyo, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Daktari atakagua kwanza tezi ya shingo na figo, maana zikiugua nazo hupandisha LDL. Atapapasa pia kano la nyuma ya kisigino kuona kama limenenepa. Ndugu zake wa tumbo moja wapimwe wote: kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu.

Natumia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, na LDL imeshuka hadi 85. Naweza kuacha dawa sasa?

Imeshuka kwa sababu unameza. Statini huzuia ini kutengeneza kolesteroli, ini nalo huongeza vipokezi ili lichote kwenye damu. Ukiacha, ndani ya wiki chache unarudi ulikotoka.

Ukiumwa misuli mwambie daktari, kwani dozi au aina hubadilishwa. Maumivu makali pamoja na mkojo wa rangi ya chai iliyokolea ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Simvastatini imezwe usiku. Atovastatini na rosuvastatini saa yoyote. Kama ni simvastatini au atovastatini, juisi ya balungi iache, maana huzuia utumbo kuivunja dawa, na kidonge kimoja kikafanya kazi kama viwili. Na mwenye kutarajia ujauzito amwone daktari kabla, asisubiri hadi apate mimba.