Umelipia bima miaka yote bila kudai, je umeliwa? Kwanza uliza wastani ni wa nani

Mleta mada ameuliza mambo mawili. Amelipia bima ya nyumba miaka mingi bila kudai hata mara moja, amepiga hesabu akaona kampuni inapata faida kwake, sasa anataka kuacha na kujiwekea akiba mwenyewe. Tena amesikia kwenye habari kwamba hatari ya mafuriko "imeongezeka maradufu" na hajui aipokeeje taarifa hiyo. Kazi yangu ni kupanga viwango vya ada za bima, na maswali haya yananifikia mezani mara kwa mara, kwa hiyo naomba mnivumilie nijibu kwa urefu.

Hesabu yako, mkuu, iko sawa. Tuseme nyumba ina thamani ya milioni 100 na uwezekano wa kuteketea kwa moto ndani ya mwaka ni 1 kati ya 1,000. Hasara inayotarajiwa kwa mwaka ni 100,000. Kampuni haiwezi kutoza kiasi hicho kamili, kwa sababu ina mishahara, kamisheni za mawakala, ada ya bima mtawanyo (bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hujikatia kwa kampuni nyingine) na mtaji wa kulinda, kwa hiyo tuseme utalipa 150,000. Kila mwaka unaacha 50,000 mezani. Wengi wakifika hapa hufunga daftari.

Lakini huo wastani wa 100,000 ni wa nani? Ni wa kampuni yenye maelfu ya nyumba vitabuni. Wewe una nyumba moja, na kwako mwaka hauwezi kuisha na hasara ya 100,000. Utaisha na sifuri au na milioni 100.

Tofauti hii inaonekana vizuri kwenye mchezo wa sarafu. Una 100. Sarafu ikiangukia upande mmoja, fedha yako inaongezeka kwa asilimia 50, na ikiangukia upande wa pili inapungua kwa asilimia 40. Kwa wastani kila mrusho unaongeza asilimia 5, na watu laki moja wakirusha mara moja kila mmoja kisha wakagawana sawa, kila mtu anaondoka na karibu 105. Sasa rusha peke yako mara nyingi mfululizo, bila kutoa fedha. Ushindi mmoja na pigo moja: 100 inakuwa 150, halafu 90. Ushindi 10 na mapigo 10, kwa mpangilio wowote ule, unabaki na chini ya 35. Mchezo haujabadilika na wastani wake haujabadilika. Ila kwa mtu mmoja anayeendelea siku hadi siku asilimia huzidishana, na pigo kubwa hula msingi wa kila kinachofuata. Aliyepoteza asilimia 50 anahitaji kupata asilimia 100 ili arudi alipokuwa. Hili ningependa lifundishwe shuleni kabla ya mambo mengi tunayokaririshwa kwenye hesabu.

Mwanahisabati Daniel Bernoulli aliliona mwaka 1738. Alitoa mfano wa mfanyabiashara wa Petersburg, Urusi, aliyenunua Amsterdam bidhaa ambazo Petersburg zingeuzwa rubo 10,000, katika msimu ambao meli 5 kati ya 100 hupotea njiani. Hasara inayotarajiwa ni rubo 500, ila hakuna anayekubali kumkatia bima kwa chini ya 800. Alipe? Jibu la Bernoulli lilitegemea kitu kimoja, yaani mali nyingine aliyonayo mfanyabiashara huyo. Kama ni chini ya rubo 5,043, akate bima hata kwa bei hiyo. Kama ni zaidi, abebe hatari mwenyewe. Bernoulli alimpigia hesabu pia mwenye kuuza bima hiyo, akaonyesha kwamba muuzaji huyo lazima awe na mali isiyopungua rubo 14,243, vinginevyo anajitia hatarini. Kwa hiyo bei moja inaweza kuwafaa wote wawili bila yeyote kudhulumiwa. Jibu lako, mleta mada, limo humo: pima ukubwa wa pigo dhidi ya mali yote uliyonayo, ndipo uitazame ada.

Na ile hoja ya kutodai miaka yote? Haina uzito unaoudhani. Nyumba yenye hatari ya 1 kati ya 1,000 kwa mwaka ina asilimia 98 ya kumaliza miaka 20 bila kuungua. Nyumba yenye hatari maradufu ya hiyo ina asilimia 96. Rekodi safi ya miaka 20 karibu haikuambii uko kwenye ipi.

Niliwahi kukaa na viongozi wa kikundi cha watu 100 waliotaka kuvunja bima yao ya maisha ya pamoja na kuanzisha mfuko wao. Hoja yao ilikuwa hiyohiyo, kwamba miaka ya karibuni hakuna aliyefariki. Niliwaandikia namba ubaoni. Uwezekano wa kila mmoja kufariki ndani ya mwaka tuuweke asilimia 1. Kwa watu 100 unatarajia msiba mmoja. Ila mwaka usio na msiba hata mmoja una uwezekano wa asilimia 37 hivi, mwaka wa msiba mmoja asilimia 37, na mwaka wa misiba miwili au zaidi asilimia 26. Mfuko uliopimwa kwa msiba mmoja utakwama takriban mwaka mmoja kati ya minne, na hapo hakuna aliyekosea wala kuiba. Sasa chukua watu 10,000. Unatarajia misiba 100, na karibu kila mwaka idadi itaangukia kati ya 80 na 120. Kundi limekua mara 100, mtikisiko, yaani kupanda na kushuka kwa idadi kuzunguka wastani, umekua mara 10 tu, kwa kuwa mtikisiko hufuata kipeuo cha pili cha idadi. Kampuni inahitaji akiba ya ziada ya kama asilimia 20 juu ya wastani kwa miaka ya namna hiyo, lakini wale 100 hata wakiweka akiba maradufu, yaani ya misiba miwili, bado kuna karibu asilimia 8 ya kukutana na mitatu au zaidi. Walichoamua baadaye ni chao, ila waliondoka wakijua wanachobeba.

Yote hayo yanasimama juu ya sharti moja: msiba wa mmoja usiwe msiba wa wote. Hapa ndipo hesabu ya bima inaweza kuvunjika, na ndipo sisi tuliomo kazini tunapokosa usingizi. Mali mpya zikiletwa tuzikatie bima, swali la kwanza ni kama ziko pamoja. Maghala kumi ndani ya ua mmoja tunayahesabu kama hatari moja, kwa sababu moto hauheshimu hati kumi tofauti. Kimbunga Andrew kilipopiga Florida, Marekani, mwaka 1992, makampuni kadhaa ya bima yalifilisika. Yalikuwa na wateja wengi sana, ila wengi wao walikuwa mbele ya upepo uleule.

Msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 ulitokana na kosa hilohilo kwenye mikopo ya nyumba. Chukua mikopo 4, kila mmoja ukiwa na uwezekano wa asilimia 10 wa kutolipwa. Kama haihusiani, uwezekano wa yote kushindikana kwa pamoja ni 1 kati ya 10,000, kiasi ambacho mtu anaweza kukiita salama kabisa. Kama yote inategemea bei za nyumba kuendelea kupanda, inaanguka pamoja, na uwezekano unarudi kuwa 1 kati ya 10. Mikopo ya namna hiyo ilikuwa imefungwa pamoja na kuuzwa kwa wawekezaji kama dhamana, na dhamana nyingi zilipewa daraja la juu kabisa la usalama kwa hesabu zilizokuwa karibu mno na ile ya kwanza. Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya Marekani, iliomba kufilisiwa Septemba 15, 2008, na siku iliyofuata AIG, kampuni ya bima iliyokuwa imeuza ulinzi mwingi dhidi ya dhamana za aina hiyo, ilipewa na benki kuu ya Marekani mkopo wa hadi dola bilioni 85 isianguke.

Kwa hiyo ukisoma kwamba kampuni kubwa imeacha kupokea wateja wapya sehemu fulani, kama kampuni ya State Farm ilivyofanya kwa bima za nyumba katika jimbo la California, Marekani, mwaka 2023, usikimbilie kusema ni tamaa. Inawezekana wateja wale hawawezi tena kuhesabiwa kama watu wasiohusiana.

Sasa "maradufu". Uliza maradufu ya ngapi, na kwa muda gani. Oktoba 1995 wanawake wa Uingereza walitangaziwa kwamba aina fulani za vidonge vya uzazi wa mpango zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Kwa namba halisi, hatari ilitoka takriban mwanamke 1 kati ya 7,000 kwenda 2 kati ya 7,000. Wengi waliacha vidonge kwa hofu, na mwaka uliofuata utoaji mimba uliongezeka kwa maelfu. Inaniuma hadi leo kwamba sentensi moja zaidi ingetosha kuwapa picha kamili.

Mafuriko ni kinyume chake. "Mafuriko ya miaka 100" maana yake ni asilimia 1 kila mwaka, na hayana zamu ya kusubiri. Ukikaa miaka 30 kwenye nyumba iliyo eneo la mafuriko hayo, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni asilimia 26. Hatari ikipanda maradufu hadi asilimia 2 kwa mwaka, ndani ya miaka 30 hiyohiyo unafika asilimia 45. Huko si kuongezeka kwa kupuuzwa.

Kwa kesi yako ningefanya hivi. Bima za vitu vidogo ambavyo ukivipoteza unanunua vingine bila kukopa, ziache, maana huko wastani ni wako kweli. Bima ya nyumba ibakize, ila waombe wapandishe kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe kwenye kila dai, hadi kiwango ambacho akiba yako inakimudu, uone ada inashuka kiasi gani. Ada ikipungua kwa 20,000 kwa mwaka wakati umeongeza mzigo wako kwa 400,000, umepewa bei nzuri iwapo unatarajia dai chini ya moja kila miaka 20. Halafu soma hati yenyewe uone kama mafuriko yamo, kwa kuwa bima nyingi za nyumba zinalipa moto na kuyaacha maji yanayotoka nje. Ukiweka hapa thamani ya nyumba, ada na kiasi cha kwanza kilichoandikwa kwenye hati, nitakupigia hesabu.