Mistari niipendayo hainipi jibu

SWALI: Kwa miaka mingi nimekuwa na mistari mitatu ya Biblia niipendayo, ambayo nimeiandika kwenye kikaratasi na kukibandika ndani ya jalada: Yeremia 29:11, Wafilipi 4:13 na Mithali 15:1. Naisoma kila asubuhi na hunifariji. Hata hivyo, sasa natafakari iwapo niache kazi, na kila nikiisoma nabaki pale pale. Je, nakosea wapi? Au nifumbe macho, nifungue Biblia popote, na kuufuata mstari nitakaoukuta?

JIBU: Ndugu msomaji, hilo la kufumba macho tuliache, kwa sababu ni kupiga ramli kwa kutumia kitabu kitakatifu.

Kuipenda mistari hiyo si kosa, ila umeizoea ikiwa imekatwa kutoka mahali pake. Namba za mistari hazikuwamo katika maandiko ya awali. Zile za Agano Jipya tunazozitumia leo ziliwekwa na mchapaji Mfaransa, Robert Estienne, mwaka 1551. Maneno ya Yeremia kuhusu "mawazo ya amani" yamo katika barua iliyopelekwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, na mstari unaoyatangulia unawaambia kwamba watakaa huko miaka 70. Wengi wao wangezikwa ugenini. Sasa rudi nyuma hadi mstari wa 5 uone walichoagizwa kufanya wakati wakingoja: wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake. Mtu anayesoma mstari wa 11 peke yake hungoja mlango ufunguke. Anayeusoma pamoja na wa 5 hushika jembe.

Wafilipi 4:13 nao una jambo kama hilo. Paulo, aliyeandika akiwa kifungoni, ametoka kusema kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, kushiba na kuona njaa. Kwa hiyo "nayaweza mambo yote" ni neno la mvumilivu, wala si hakikisho kwamba kila utakalolianza litafanikiwa, ingawa ndivyo tunavyopenda kulitumia, nami nikiwamo.

Huo wa tatu, "Jawabu la upole hugeuza hasira", ndio ulio mwepesi kuliko yote kuutumia, na nashangaa kidogo kwamba umeuweka mwisho. Hauhitaji historia ndefu. Msimamizi wako akikuandikia ujumbe wa ukali saa nne asubuhi, mstari huo unakuhusu kabla hujaanza kujibu: andika jibu, lisome, futa neno moja linalochoma, ndipo ulitume. Ufanye hivyo kwa wiki mbili kabla ya kuamua kuondoka, kwani huenda kinachokuchosha ni majibizano kuliko kazi yenyewe.

Iwapo baada ya hapo bado utataka kuacha, ongeza mstari wa nne katika kikaratasi chako: Luka 14:28, unaouliza ni nani atakaye kujenga mnara asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama. Yesu alisema hayo juu ya gharama ya kumfuata, lakini mfano wenyewe aliuchukua katika maisha ya kawaida, nawe unaweza kuurudisha huko. Keti basi, uandike akiba uliyo nayo, madeni unayodaiwa, na miezi utakayoweza kuishi bila mshahara.