Muulize Bi Mwalimu: Amerudi kutoka dago, anataka daftari

Mwezi huu barua tatu zimekuja juu ya jambo moja, kusoma tena kwa vijana walioacha skuli, nami nimeona niziweke pamoja.

Swali: Bi Mwalimu, asalamu alaykum. Mwanangu wa pili ana miaka 19. Aliacha skuli akiwa kidato cha tatu, akafuata jamaa zake dago, kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, na mwaka wa pili sasa yuko huko. Mwezi uliopita karudi, kakaa siku tatu hasemi na mtu. Ya nne kaniambia, "Mama, miye nataka kumaliza kidato cha nne." Nimekwenda skuli yake ya zamani, wamenambia umri umeshampita. Babake asema asitutie hasara, bahari ndiyo inayotulisha. Nasikia kuna masomo ya waliokosa skuli. Ni kweli, au ni mambo ya kupotezeana siku? Na hicho cheti chake kitatambuliwa? — Mama wa watano, Kojani

Jibu: Wa alaykumu salaam, dada yangu. Kijana aliyekwishashika fedha za dagaa mkononi, kisha akasema mwenyewe kwamba anataka kusoma, huyo usimwachie. Nimefundisha Pemba miaka 31. Walioletwa darasani kwa bakora za wazee wao siwezi kuwahesabu. Waliokuja kwa miguu yao baada ya kuionja pesa ni wachache, nawakumbuka mmoja mmoja, na wengi wao walifika mwisho.

Nianze na cheti, maana najua hapo ndipo babake atakapokukamata. Elimu mbadala, ndiyo hayo masomo ya waliokosa skuli, haina mtihani wake wa pembeni. Kijana atafanya mtihani wa kidato cha nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania, Novemba ile ile wanayofanya wenziwe wa skuli. Ataandikwa kuwa mtahiniwa wa kujitegemea, na namba yake itaanza na herufi P badala ya S. Kama alifaulu mtihani wa kidato cha pili, itafuteni ile karatasi ya matokeo leo hii, hata ikiwa imo chini ya godoro. Asiyekuwa na matokeo hayo hupitia kwanza Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hutozwa faini juu ya ada, kwa hiyo msingoje mpaka vuno la karafuu liishe ndipo mkaulize.

Lipo jambo moja ambalo nataka ulijue mapema. Mwanafunzi wa skuli huingia kwenye mtihani akiwa na akiba: alama za maendeleo yake darasani huhesabiwa 30 katika 100. Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo, anategemea siku ile tu. Basi darasa litakalomfaa ni lile linalowapa vijana majaribio mengi, la kila wiki likiwezekana, wakae wajibu kwa saa, wasahihishiwe, waoneshwe walipokosea. Ukikuta darasa ambalo mwalimu anaandika ubaoni na vijana wananakili mpaka magharibi, mtoe.

Nina sababu ya kulisema hili. Baada ya kustaafu nilisaidia darasa la jioni pale Wete, katika chumba cha kuazima, madawati ya watoto wadogo, vijana wamekunja magoti hadi kidevuni. Alikuwemo mvuvi mmoja, kidole chake cha shahada kimekatwa mstari na mshipi. Jiografia alikuwa amepata F. Siku moja nikampa swali la mtihani wa zamani juu ya maji kujaa na kupwa. Akalitazama, akalitazama, akaweka kalamu chini.

Nikaifunika karatasi. Nikamuuliza, "Leo mwezi ngapi?"

"Mwezi saba, Bi." Yaani siku ya saba tangu mwezi uandame.

"Maji yako vipi?"

"Maji mafu."

"Kwa nini mafu?"

Akaondoka kwenye dawati, akachukua chaki, akachora jua, akachora dunia, akauweka mwezi ubavuni. "Jua lavuta huku, mwezi wavuta huku. Hawaelewani." Nikamuuliza bamvua je. Akaufuta mwezi kwa kiganja, akauchora upya kwenye mstari mmoja na jua. "Hapa wanavuta pamoja. Maji yatapwa mpaka uone mwamba ambao siku nyingine huuoni."

Swali lile lilikuwa na alama zake zote, na kijana alikuwa nazo zote kichwani. Kilichokosekana ni majina mawili ya Kiingereza. Akayaandika nyuma ya daftari, bamvua huku na jina lake kule, maji mafu huku na jina lake kule, na baada ya siku mbili hayakumtoka tena.

Dada yangu, hapa ndipo watoto wetu wengi wanapovunjikia, na watu wanaisingizia bahari. Tangu Sera ya Elimu ya mwaka 2006, hisabati na sayansi hapa Zanzibar zinafundishwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na sekondari karibu masomo yote ni hivyo. Mtoto asiyeishika lugha hukaa miaka mingi akinakili asichokielewa. Ikifika siku ya dago, haachi kitu, maana darasani alishatoka zamani, kimebaki kiwiliwili. Ukimpeleka kwenye elimu mbadala, ukamkuta mwalimu anayefundisha kwanza kwa Kiswahili, jambo likamwingia, kisha akampa Kiingereza chake kwa ajili ya mtihani, hapo muache.

Sasa babake. Hajakosea kusema bahari ndiyo inayowalisha, na usibishane naye kwa hilo. Mwambie hivi: dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbaamwezi ikisimama, vyombo hupumzika. Basi kijana avue gizani na asome mbaamwezi. Siku za giza alale asubuhi, na akiweza afike darasani baada ya alasiri. Ila avue karibu. Dago la kuvuka kwenda Tanga alisamehe mpaka amalize. Tulikuwa na vijana watatu waliokwenda kwa kalenda hiyo, na mwalimu wa hisabati alijipangia mada nzito nzito kwenye mbaamwezi. Skuli ya kawaida haiwezi kufanya hivyo, ina kengele na ukaguzi. Darasa mbadala linaweza, na kama haliwezi sioni limekuwa mbadala wa nini.

Nenda Ofisi ya Elimu ya Wilaya pale Wete, umuulizie anayeshughulikia Elimu Mbadala na Watu Wazima. Nenda na kijana mwenyewe, azungumze yeye. Usiulize ada tu. Uliza: mwanangu asipofika wiki nzima, nani ataona? Nani atanipigia simu? Wakikutajia mtu, mjue mtu huyo, uchukue namba yake. Darasa langu mimi lilipoteza vijana wengi zaidi kwenye wiki ya kwanza ya kutoonekana kuliko kwenye masomo yote yakiwekwa pamoja. Kijana hukosa siku mbili kwa homa, siku ya tatu anaona haya, ya nne keshapanda chomboni.

Swali: Nina binamu yangu California, anasema anafundisha "skuli mbadala" ya vijana walio hatarini kuacha masomo. Mimi nilidhani kule kila mtu anamaliza. Wanafanya nini wao ambacho sisi hatufanyi? — Msomaji, Mwanakwerekwe

Jibu: Hata kule hawamalizi wote, mwanangu. California wana skuli za namna hiyo kwa sheria tangu mwaka 1919, kwa ajili ya vijana waliokwishaanza kazi wakiwa bado na umri wa kusoma. Darasa lao ni dogo, siku yao ni fupi, na kijana anamaliza somo moja moja kwa kasi yake. Kuna na njia nyingine, mtihani unaoitwa GED, ulioanza mwaka 1942 kwa ajili ya askari waliokwenda vitani kabla ya kumaliza skuli. Siku hizi una sehemu nne, na mtu anaweza kuzifanya moja baada ya nyingine.

Hilo la kufanya kidogo kidogo ndilo ninalolipenda, na hata hapa kwetu lipo kwa sehemu: mwenye matokeo mabaya ya kidato cha nne anaweza kurudia masomo aliyoyachagua, si lazima yote. Wengi hawalijui, wanajibebesha masomo saba upya na kazi juu yake, wanaanguka tena. Kama una kijana wa kumsaidia hapo mjini, kituo cha elimu mbadala cha Rahaleo hakiko mbali nawe. Nenda naye.

Swali: Shikamoo Bi Mwalimu. Nina miaka 18, niko Micheweni. Nilikuwa kidato cha pili nilipopata mimba. Mtoto sasa ana mwaka na miezi minne. Mama amenambia nirudi skuli, lakini wale niliokuwa nikiwafundisha mimi kusoma Kurani chuoni ndio watakaokuwa madawati ya mbele yangu. Shangazi anasema nikajifunze cherahani tu, skuli imeshanitupa. Na mtoto sina wa kumwachia, mama huenda kuchuma na kuanua karafuu. Nifanye lipi? — Mama Aliyebaki Nyuma

Jibu: Marahaba mwanangu. Jina hilo ulilolitia chini ya barua sikupendelea kulichapa, nimelichapa kwa kuwa ni lako.

Skuli haijakutupa. Zanzibar iliweka mwaka 2010 utaratibu wa kumruhusu mwanafunzi aliyepata mimba kurudi baada ya kujifungua, wakati wenzetu wa Bara walingoja mpaka Novemba 2021. Mtu akikwambia mlango umefungwa, hana haki ya kusema hivyo.

Lakini mimi nilikuwapo kabla ya hapo. Nilikuwa mwalimu wa darasa katika skuli moja ambayo sitaitaja, na rejista ilikuwa mkononi mwangu. Msichana mmoja alikuja Jumatatu, Jumanne hakuja, Jumatano nikaitwa ofisini nikaambiwa nimfute. Nikachukua rula, nikapiga mstari wa wino mwekundu juu ya jina lake, mstari ulionyooka, kisha nikaita jina lililofuata. Hakuna aliyeuliza. Nami sikwenda kwao. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, na sikwenda. Alikuwa wa pili katika hisabati. Ninakutana naye mpaka leo barabarani, ananiita "Mwalimu", ananibebea kikapu, na kila akinibebea ninauona mstari ule. Basi ninapokujibu wewe, ninajibu na deni.

Haya unayoyaona juu ya wale wadogo zako wa chuoni, siyadharau. Kama ungeweza kuyavumilia, ningekwambia urudi skuli ya kawaida, kwa sababu ya zile alama za maendeleo na kwa sababu ya walimu wa sayansi, ambao vituo vya jioni huwapata kwa tabu. Wewe unajijua. Kama unaona utakaa wiki mbili ukimbie, usijaribu kuwa shujaa. Ingia elimu mbadala, kaa na watu wazima wenzio, wapo wake wenye watoto watatu na wanaume wenye mvi, na hapana atakayekuhesabia umri.

Juu ya cherahani, shangazi yako ana neno zuri ila kalitia mahali pabaya. Mafunzo ya amali, yaani ya ufundi wa mikono, si mahali pa kutupia aliyeanguka. Vitongoji kuna kituo cha Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na wanaotoka pale wanakula kwa mikono yao. Ila kwa mtoto wa mwaka na miezi minne, kutoka Micheweni hadi huko kila siku ni safari. Anza na masomo karibu na nyumbani, cherahani ije baadaye ukipenda, na mshoni mwenye cheti cha kidato cha nne hatopungukiwa na kitu.

Sasa mtoto. Zungumza na mama usiku, akishatulia, usizungumze naye ameinama kwenye jamvi la karafuu. Usimwombe "anisaidie na mtoto", hilo ni kubwa na halina mwisho. Mwombe siku tatu za wiki, kuanzia alasiri mpaka magharibi, umtajie siku hizo kwa majina. Siku za vuno zipo ambazo hatoweza, nawe utakwenda na mtoto. Usiende naye kwa kuvizia. Mfuate mwalimu kabla, umwambie, "Nina mtoto, siku nyingine nitakuja naye, nitakaa karibu na mlango." Mwalimu akikataa, niandikie tena kupitia gazeti hili na nitajua nianzie wapi.

Mchukulie kanga ya kumlaza, kijiko cha kuchezea, na uji wake kwenye chupa, na daftari lako litie karatasi ngumu juu maana atalirarua. Akilia, toka naye nje, mnyonyeshe, ukirudi muulize jirani yako walipofika. Umwambie na jirani huyo, tangu siku ya kwanza, akuwekee nafasi yako pale mlangoni.