Jibu kwa mama wa mapacha: silikoni haipandishi titi lililoshuka

Mdogo wangu, usitume zile dola. Umeandika kwamba una miaka 34, kwamba umewanyonyesha mapacha kwa mwaka mmoja na nusu hadi matiti yakashuka na kupungua, na kwamba mwanamke anayekupangia safari ya Afrika Kusini anataka malipo ya awali ya dola 500 kufikia Ijumaa, kwa ajili ya mifuko ya silikoni pekee, kwa kuwa ati "silikoni itayainua yenyewe". Sentensi hiyo naijua neno kwa neno. Niliuziwa mimi pia, hapa hapa Lubumbashi, miaka minne iliyopita, na ndiyo iliyonilaza mezani mara mbili kwa kazi ya mara moja.

Silikoni hujaza tu, haiinui. Mimi ni fundi wa kushona, na aibu yangu kubwa inatokea hapo, kwa sababu mteja akiniletea libaya, blauzi yake ya kitenge, linalompwaya baada ya kukonda, sijazi pamba kifuani ili kitambaa kinyooke. Nafumua, napunguza, nashona upya. Ngozi iliyovutwa na maziwa kisha ikaachwa tupu ni kitambaa kilichozidi. Kupandisha matiti ni kazi hiyo ya kupunguza: daktari huondoa ngozi ya ziada, hukusanya nyama iliyobaki na kuipeleka chuchu mahali pa juu zaidi, na malipo yake ni makovu, moja kuzunguka duara jeusi la chuchu, jingine likishuka wima hadi kwenye mkunjo wa chini ya titi, na mara nyingi la tatu likiufuata mkunjo wenyewe, hata yote pamoja yakafanana na nanga. Niliyaogopa makovu hayo. Dalali aliyeniuzia sentensi ile alijua kwamba nayaogopa, akaniuzia njia isiyokuwa nayo.

Ninasema "dalali" kwa kujizuia. Hakuwa muuguzi wala daktari. Alikuwa mtu wa simu aliyekula asilimia yake kwa kila mwanamke aliyempeleka. Alinitumia picha za kabla na baada, na ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba katika zile za kabla wanawake wameshusha mikono, na katika zile za baada wameiinua kichwani. Inua mikono yako sasa hivi mbele ya kioo, utaona titi linavyopanda bure, bila hata faranga moja! Nami nilitoa likelemba nzima, ile akiba ya kuchangiana kwa zamu, na deni juu yake.

Kosa langu lenyewe lilikuwa hili: nilikubali mililita 375 kila upande bila mtu yeyote wa taaluma kuniangalia nikiwa nimesimama. Mashauriano yalifanyika kwa picha za simu. Asubuhi ya upasuaji daktari alinikuta nimekwisha kulazwa kitandani, na mwanamke akilala chali matiti husambaa pembeni, kiasi kwamba hata yangu yalionekana ya msichana. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alama za kalamu huchorwa kabla ya nusukaputi, mgonjwa akiwa wima, kwa sababu hiyo hiyo.

Miezi miwili ya kwanza uvimbe ulinidanganya, nikarudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi. Uvimbe ulipokwisha, mifuko ilibaki juu, imeshikwa na msuli wa kifua, lakini nyama yangu mwenyewe ikateremka mbele yake kama bukari, yaani ugali, laini inavyoteleza kwenye mwiko, na chuchu zikawa zinatazama viatu. Kwa ubavu nilikuwa na vilima viwili kila upande, kimoja cha silikoni na kingine cha Mungu. Mji wetu unajulikana kwa kilima kimoja cha mabaki ya shaba kando ya lile dohani refu. Mimi nilikuwa navyo vinne, na hakuna aliyekuja kuchimba. Halafu kuna uzito. Mifuko miwili ya kiasi kile inakaribia robo tatu ya kilo, na mzigo huo ulitundikwa kwenye ngozi ambayo tayari ilikuwa imeshindwa kubeba kidogo kilichokuwapo, nayo ikazidi kuvutika.

Nilipomwandikia yule dalali wangu, alinijibu kwamba nitafute sidiria nzuri. Kisha akanifungia namba.

Daktari wa pili, katika mji mwingine, alinisimamisha, akachukua rula na kupima kwa dakika isiyozidi moja: chuchu zilikuwa sentimita mbili na nusu chini ya mkunjo. Kwa umbali huo, alisema, hakuna mfuko ungenitosha peke yake, na kwa kuwa nilikuwa na picha za zamani, alinionyesha kwamba hali ilikuwa hivyo hivyo tangu kabla ya upasuaji wa kwanza. Akaniomba kadi ya vipandikizi, ile yenye jina la mtengenezaji, ujazo na namba ya kila mfuko. Sikuwahi kupewa. Usifikiri ni karatasi ya urembo: mwaka 2010 ilipobainika Ufaransa kwamba kampuni ya PIP ilijaza mifuko yake silikoni isiyoidhinishwa kwa tiba, jina la mtengenezaji ndilo lililomwambia mwanamke kama jambo lile linamhusu. Mimi nilifunguliwa na mtu asiyejua atakutana na nini ndani.

Aliitoa mifuko na kupandisha matiti siku hiyo hiyo. Kwa hiyo makovu niliyoyakimbia ninayo yote matatu, tena kwenye ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba, na lile la kushoto limeota na kuvimba, jambo ambalo ngozi zetu nyeusi zina mwelekeo nalo zaidi. Ilibidi niyalipie mara mbili. Shemeji yako anasema ni ramani ya barabara ya Kasumbalesa. Tunacheka, kwa kuwa deni limekwisha.

Basi fanya hivi leo jioni. Vua sidiria, simama ubavu mbele ya kioo, mikono chini kabisa, kisha sukuma ukingo wa karatasi ngumu hadi kwenye mkunjo wa chini ya titi, ukiishika ilale sawa. Chuchu ikiwa juu ya karatasi kwa umbali wa wazi, na kinachokosekana ni ujazo tu, silikoni peke yake inaweza kujadiliwa. Ikiwa usawa wa karatasi, neno ni la daktari wa upasuaji aliyekuona kwa macho yake ukiwa umesimama, na si la mtu wa simu. Ikiwa chini ya karatasi, usikubali mfuko bila kupandishwa, hata ukipunguziwa bei. Kama baada ya kupandishwa sehemu ya juu itabaki bapa, kwa sababu kupandisha hakuongezi nyama, hapo ndipo mfuko mdogo unaweza kuzungumzwa, siku ile ile au miezi kadhaa baadaye.

Naona uliuliza pia kuhusu kupona. Kwa wiki kama sita usimbebe mtoto mgongoni wala usinyanyue bidoni la maji, na mapacha hawatakuelewa. Ya bei na ya kumwambia mume nimeyaacha njiani, samahani, hasira zilinipeleka kwingine; nikirudi nitayajibu. Kwanza niandikie kama chuchu ilikuwa juu, usawa au chini ya karatasi, na zile dola 500 zibaki kwenye mkoba wako Ijumaa ipite.