Maswali na majibu: majivu, mfungo, Kesha na siku hamsini za Pasaka

Tumsifu Yesu Kristo. Kigangoni kwetu majivu ya Jumatano ya Majivu yaliwawasha waumini, wengine wakatoka malengelenge kwenye paji la uso. Tulikosea wapi?

Milele amina. Inaelekea mliyakoroga na maji mpaka yakawa uji. Majivu ya mimea yana chumvi kali. Yakilowa hutoa maji yale yale yanayolainishia mboga za kienyeji magharibi mwa Kenya, na hayo yakikaa juu ya ngozi huunguza. Matone machache ya maji ya baraka anayonyunyiza padre hayana neno.

Kusanyeni matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana yaliyokauka kabisa, myachome kwenye sufuria kuukuu bila kumwagia mafuta ya taa, maana harufu yake haitoki. Yakishapoa, yatwangeni na kuyachekecha kwa chujio la chai. Yasiposhika vizuri, tieni matone mawili matatu ya mafuta ya kula. Msichukue Krisma, yale mafuta matakatifu ya ubatizo na kipaimara, wala mafuta ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Hayo yana kazi yake.

Nina miaka 61 na kisukari. Ijumaa Kuu nifunge?

Hulazimiki. Sheria ya kufunga inamhusu aliyetimiza miaka 18 mpaka atimize 59, na mgonjwa hadaiwi. Kujinyima nyama huanzia miaka 14 na hakuna ukomo wa uzee, kwa hiyo dawa na milo yako vibaki kwa saa zake, uache nyama tu. Wanaofunga hula mlo mmoja kamili, na vingine viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii ule mmoja. Samaki ni ruksa, ingawa anayeagiza sangara mzima wa nazi ili kufidia nyama amejinyima nini hasa?

Parokiani kwetu Kesha la Pasaka huanza saa kumi na mbili jioni na husomwa masomo mawili tu ya Agano la Kale, ati watu wawahi usafiri. Ni sawa?

Si sawa, yote mawili. Kesha ni ibada ya usiku: lianze giza likishaingia na liishe kabla ya Jumapili kupambazuka. Kuanza saa moja na nusu usiku kunatosha. Moto mpya ukiwashwa jua bado linaonekana, mshumaa wa Pasaka unaowashwa kwa moto huo unaangaza nini?

Masomo ya Agano la Kale ni saba. Pakiwa na sababu ya kichungaji yanaweza kupunguzwa, lakini yasipungue matatu, na lile la Kutoka sura ya 14, Waisraeli kuvuka bahari, haliachwi kamwe. Kama tatizo ni usafiri, parokia ikodi basi. Ni nafuu kuliko kukata masomo.

Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta na mpya kila mwaka. Kukwangua tarakimu za mwaka jana na kubandika mpya hakukubaliki. Huchorwa msalaba, Alfa juu, Omega chini na tarakimu nne za mwaka, kisha huchomekwa punje tano za ubani. Tobolea matundu mapema kwa msumari uliopashwa moto, la sivyo nta hupasuka mbele ya watu. Taa za kanisa ziwashwe baada ya "Mwanga wa Kristo" kuimbwa mara ya tatu, mshumaa ukiingizwa kanisani. Mwekeni mtu mmoja kwenye swichi, na mumweleze hivyo mchana. Kinachoharibu giza mara nyingi ni mhudumu mwenye haraka, na tochi za simu.

Nikisali Kesha, nirudi Jumapili asubuhi?

Umeshatimiza wajibu. Ukirudi, unaweza kukomunika tena katika Misa.

Jumatatu ya Pasaka ikipita, kwetu nyumbani mambo yamekwisha. Tufanye nini?

Pasaka ni siku 50, mpaka Pentekoste, na siku nane za kwanza kila moja ni sherehe. Ndiyo maana Ijumaa ya juma hilo nyama inaliwa, haiwi siku ya kujinyima. Badala ya sala ya Malaika wa Bwana salini ile ya Malkia wa Mbingu. Chukueni chupa ya maji yaliyobarikiwa kwenye Kesha mnyunyize nyumba. Someni Matendo ya Mitume. Ndicho kitabu kinachosomwa Misani kipindi hiki chote. Na jumuiya iwatembelee waliobatizwa usiku wa Kesha: wengi wao huachwa peke yao mara tu katekista anapomaliza mafundisho, na kufikia Juni viti vyao viko wazi.