Ukiitungia Kwaya Unayoifundisha

Mwalimu anayeitungia kwaya yake mwenyewe ana faida ambayo watunzi wengi hawana: anajua ni nani hasa atakayeimba. Basi kabla ya kuandika chochote, msikilize kila mwanakwaya peke yake, uandike noti ya chini na ya juu anazozifikia bila kukaza shingo. Tunga ndani ya mipaka hiyo.

Kwa waimbaji wachanga, soprano ikae kati ya C ya katikati ya kinanda na F ya oktava inayofuata. Alto ianzie A iliyo chini ya C ya katikati, iishie C ya oktava inayofuata. Besi isishuke chini ya G ya mstari wa kwanza wa ufunguo wa besi. Wanaohitaji uangalifu zaidi ni wavulana wanaovunja sauti, wengi wao wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Hubakiwa na noti tano au sita tu za kutegemewa, mara nyingi kati ya F iliyo chini ya C ya katikati na D iliyo juu yake. Waandikie sauti yao humo humo. Kuwanyamazisha mpaka sauti itulie ni kosa kubwa, maana wengi hawarudi tena.

Maneno ndiyo yanayoharibu nyimbo nyingi za Kiswahili. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo inataka pigo zito. Ubeti wa kwanza ukiwa na “nyumba”, pigo zito ni la “nyu”. Ubeti wa pili ukileta “nyumbani” kwa mahadhi yale yale, mkazo umehamia “mba” na wimbo unapinda. Badilisha noti za ubeti huo, au tafuta neno lingine. Tena, “m” ya “mtu” ni silabi kamili, na ndiyo yenye mkazo. Ipe noti yake. Ukiibana pamoja na “tu”, kila mwimbaji ataitamka kwa wakati wake. “Mwana”, kwa upande mwingine, ni silabi mbili tu.

Pumzi ihesabiwe. Kwa mwendo wa mapigo 72 kwa dakika, mapigo 8 huchukua karibu sekunde 7, na kwa mtoto hiyo inatosha. Ukimwandikia mapigo 16 mfululizo, atavuta pumzi katikati ya neno.

Kwaya ikiimba bila kinanda na noti zake zikashuka chini ya zilipoanzia, usiwalaumu masikio upesi. Tazama ulichoandika: noti moja iliyorudiwa mno hulegea, na mi na ti (noti ya tatu na ya saba za ngazi ya do-re-mi) huimbwa chini kidogo. Alto ndio huonewa zaidi kwa kuachiwa noti moja ukurasa mzima, wape mwendo. Kupandisha wimbo mzima nusu toni nako husaidia mara nyingi. Sauti inayoingia baada ya kimya ipate noti yake kutoka kwa sauti iliyotangulia kuimba.

Kabla ya kutoa nakala, imba kila sauti mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Mazoezini anza na sehemu ya mwisho ya wimbo, ili wauimbe wakielekea mahali wanapopajua. Pale pale pakikwama mazoezi matatu mfululizo ilhali watu wamejifunza vizuri, chukua kalamu upaandike upya.