Kwa nini mtu uliyemhamishia picha nyingine anaonekana amebandikwa
Ikiwa mtu uliyemkata kutoka picha moja anaonekana amebandikwa juu ya mandhari ya picha nyingine, kasoro mara nyingi haiko kwenye ukingo wa mkato, bali kwenye mwanga. Linganisha kwanza upande unakotoka mwanga na kimo cha kamera, kwa sababu mtu aliyepigwa picha kutoka chini hakai vizuri katika mandhari iliyopigwa kutoka juu, hata ukirekebisha rangi kiasi gani. Katika programu ya kuhariri picha, kivuli kiwe na tabaka lake (sehemu ya picha inayohaririwa peke yake bila kugusa nyingine), kikolee pale miguu inapogusa ardhi, kisha kififie na kupoteza ukali kadiri kinavyosogea mbali. Tumia maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu ya tabaka bila kuifuta, badala ya kifutio, ili uweze kurudisha ulichoficha. Chembechembe, yaani vidoa vidogo vidogo vinavyoonekana kwenye picha, ziongezwe mwishoni, juu ya matabaka yote.